CM2 au Sixième? Kisa cha Binti Aliyetoka Shule ya Kifaransa ya Lugha Mbili

Familia ninayoichambua hapa ni ya mfano. Nimeiunga kutokana na mambo yanayojirudia kwa wazazi wanaohamahama kikazi huku watoto wao wakisoma Kifaransa nje ya Ufaransa. Kanuni za shule, majina ya madarasa na mitihani ni vya kweli.

Wazazi si Wafaransa, wote wawili. Baba anafanya kazi ya mikataba, mama kazi yake ni ya mtandaoni, na nyumbani wana lugha yao ambayo si Kifaransa wala Kiingereza. Mkataba uliopita uliwaweka miaka mitano katika nchi inayosema Kiingereza. Binti yao alikuwa na miaka mitano walipofika, wakamwandikisha katika shule binafsi iliyojitambulisha kuwa ya Kifaransa na ya lugha mbili, asubuhi Kifaransa na mchana Kiingereza. Akaanza na grande section, ile ngazi ya mwisho ya chekechea, akapanda CP, CE1, CE2 na CM1, madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi. Ripoti zake zote nzuri. Alitania kwa Kifaransa, aligombana na mdogo wake kwa Kifaransa, hata usingizini alisikika akiweweseka kwa Kifaransa.

Kisha mkataba ukaisha, na kazi mpya ikapatikana katika nchi inayosema Kihispania, penye lycée ya Kifaransa ya siku nyingi, yaani shule inayomfikisha mtoto mwisho wa sekondari. Wazazi wakatuma fomu kuomba nafasi ya CM2, darasa la mwisho la msingi, wakichukulia kwamba mtoto anatoka shule moja ya Kifaransa kwenda nyingine na basi. Jibu likaja na mambo mawili ambayo hawakuyatarajia. La kwanza, mtoto atafanya mtihani wa Kifaransa na hisabati kabla ya kupangiwa darasa. La pili, kwa umri wake wenzake wanaingia sixième, yaani mwaka wa kwanza wa collège, shule ya kati inayofuata msingi.

"Mwalimu, mtoto anaota kwa Kifaransa. Mtihani wa nini tena?" Ndivyo baba alivyoanza walipokuja kwangu kutaka ushauri. Mama alikuwa na swali lake, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa zito zaidi: kama miaka mitano ya ada ilikuwa ya shule ya Kifaransa, mbona shule nyingine ya Kifaransa haiitambui?

Ithibati ni ya ngazi

Shule za Kifaransa nje ya Ufaransa hazina mwenyewe mmoja. Ipo AEFE, wakala wa umma ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1990 chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa. Ipo Mission laïque française, chama kilichoanzishwa mwaka 1902. Halafu kuna shule nyingi za vyama vya wazazi na za watu binafsi. Ukizijumlisha unapata takriban shule 600 katika nchi zinazokaribia 140, zenye wanafunzi karibu 400,000, na zaidi ya nusu yao si Wafaransa. Kinachoziunganisha zote ni ithibati ya Wizara ya Elimu ya Ufaransa, ile wanayoiita homologation. Kwa ithibati hiyo wizara inakiri kwamba shule inafuata mtaala wa Ufaransa, ina walimu wanaostahili, na inaandaa watoto kwa mitihani ya Ufaransa. Mtoto anayetoka darasa lenye ithibati huendelea na darasa linalofuata katika shule yoyote yenye ithibati, au shule ya umma ndani ya Ufaransa, bila kupimwa. Anayetoka darasa lisilo nayo hupimwa.

Nimeandika "darasa" kwa makusudi. Wizara haiipi shule ithibati ya jumla, inazipa ngazi zake. Kila mwaka orodha huchapishwa katika Journal officiel, gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa, na mbele ya jina la kila shule zimetajwa ngazi zilizokubaliwa. Shule ya binti huyu imo katika orodha hiyo kwa chekechea na kwa mzunguko wa pili, yaani CP hadi CE2. CM1 ilikuwa imefunguliwa, ina mwalimu na vitabu, lakini ombi lake lilikuwa bado halijapita. Tovuti ya shule iliandika "shule yenye ithibati," na hapo hapakuwa na uongo. Mzazi ndiye alipaswa kuuliza mpaka darasa gani, na ni nani atauliza hivyo wakati anamwandikisha mtoto wa miaka mitano?

Wengine hujichanganya kwa nembo. Tangu mwaka 2012 Ufaransa hutoa LabelFrancÉducation kwa shule zinazofuata mtaala wa nchi zao huku zikifundisha baadhi ya masomo kwa Kifaransa. Ni sifa njema, na baadhi ya shule hizo zinafundisha Kifaransa vizuri kabisa, ila mtoto anayetoka huko hapokelewi lycée kama aliyetoka CM1 yenye ithibati. Ukiiona kwenye kipeperushi, ichukulie kuwa ni habari ya ubora wa Kifaransa na uendelee kuuliza habari ya uhamisho.

Novemba

Kuhusu umri, maelezo ni mafupi kuliko wasiwasi uliowapata wazazi. Ufaransa hupanga watoto kwa mwaka wa kalenda: wote waliozaliwa Januari hadi Desemba ya mwaka mmoja huwa darasa moja. Katika mfumo wa Uingereza mstari hupigwa tarehe 1 Septemba. Binti huyu amezaliwa Novemba. Katika mfumo wa Septemba yeye ni miongoni mwa wakubwa wa darasa lake, na katika ule wa Kifaransa ni miongoni mwa wadogo wa darasa la mbele yake. Shule yake ya zamani, kwa kuwa nusu ya siku ilikuwa ya Kiingereza, ilifuata mstari wa Septemba kwa wote. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa ngazi moja nyuma ya kalenda ya Kifaransa, na kwa miaka mitano jambo hilo halikumsumbua mtu.

Baba alipolielewa hili alibadilika papo hapo. Mwanzo alilalamikia mtihani, sasa akautaka, ili binti aingie sixième na "asipoteze mwaka." Hapo ndipo kisa kilipogeuka kuwa mabishano kati ya wazazi wawili, maana mama alitaka CM2.

Karatasi ya mtihani

Mtihani ulifanyika mwezi Juni, siku moja asubuhi. Kusoma, hakuna shida: alielewa hadithi, akajibu maswali, hata akagundua mhusika aliyekuwa akidanganya. Mazungumzo na mwalimu yalikwenda vizuri mno, kwa lafudhi ambayo wazazi wake hawatakaa waipate. Kisha ikaja imla. Mwalimu alisoma sentensi hii:

Les petites filles jouent dans la cour pendant que leurs parents parlent.

Wasichana wadogo wanacheza uani huku wazazi wao wakizungumza. Binti akaandika:

Les petite fille joue dans la cour pendant que leur parent parle.

Isome kwa sauti kwa Mfaransa yeyote na hatasikia tofauti yoyote. Maneno sita yamekosa alama ya wingi, na kati ya hayo hakuna hata moja ambalo wingi wake unasikika. Neno pekee linalotangaza wingi kwa sauti ni les, na hilo aliliandika sawasawa. Yaani mtoto aliandika kila alichokisikia kwa uaminifu mkubwa. Kifaransa cha kuandikwa kina nusu ya sarufi yake mahali ambapo sikio halifiki, na mtu huipata kwa kuandika na kusahihishwa, wiki baada ya wiki, kuanzia CP. Mtoto wa Kifaransa wa umri wake naye hukosea, tusidanganyane. Lakini wa CM1 aliyeandika imla kwa miaka minne angekosa mbili au tatu za hizo sita, tena angekuwa amezoea kurudi nyuma na kujiuliza: nani anayecheza, ni mmoja au ni wengi?

Kwenye hisabati lilitokea jambo ambalo lingeweza kupita bila kuonekana. Swali lilisema mfuko mmoja wa unga una 1,250 kg. Mifuko minne ina kilo ngapi? Akajibu 5000 kg. Kuzidisha kwake hakuna kosa. Lakini Mfaransa akiandika alama ya mkato anatenganisha desimali, kwa hiyo 1,250 ni kilo moja na robo, na jibu ni kilo 5. Mtoto aliyesoma hisabati zake zote kwa Kiingereza ameona alama hiyohiyo ikitenganisha maelfu. Mwalimu aliyesahihisha alikuwa makini, akaandika pembeni: anajua kuzidisha, hajui kusoma namba zetu. Zaidi ya hapo, maswali mengine aliyaacha wazi kwa sababu hakuelewa anaambiwa afanye nini. Vitenzi kama justifie (toa sababu), relève (nukuu) na déduis (hitimisha) hamna mtoto anayevitumia akicheza.

Kwa nini anaongea hivyo na kuandika hivi

Jambo hili lina historia ndefu ya utafiti, na sehemu kubwa yake inatoka Canada. Mwaka 1965, wazazi wa St. Lambert karibu na Montréal, wasemaji wa Kiingereza, walishinikiza shule iwafundishe watoto wao masomo ya kawaida kwa Kifaransa tangu chekechea. Wallace Lambert na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill wakawafuatilia. Kiingereza cha watoto hakikuharibika na masomo yao hayakudorora, na mpango ukaenea nchi nzima. Lakini miaka ilivyopita likaonekana jambo jingine: watoto wa mipango hiyo walielewa Kifaransa karibu sawa na wenye lugha, huku kuongea na kuandika kwao kukibaki na makosa ya sarufi yasiyoisha. Merrill Swain, katika miaka ya 1980, aliwaza kwamba sababu ni kutokudaiwa: mtoto anaeleweka hata akikosea, mwalimu anaendelea na somo la historia, na hakuna anayemlazimisha kurekebisha umbo la sentensi. Kabla yake, mwaka 1979, Jim Cummins alikuwa ametenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza mtoto huimudu kwa takriban miaka miwili, ya pili humchukua mitano hadi saba.

Sasa turudi kwenye ratiba ya binti. Ndani ya Ufaransa wiki ya shule ya msingi ina saa 24 za masomo. Katika CM1 na CM2, saa 8 ni za Kifaransa na 5 za hisabati. Katika CP hadi CE2 Kifaransa hufikia saa 10. Shule yake ilihesabu "nusu Kifaransa," lakini ndani ya nusu hiyo mlikuwa na historia, sayansi, sanaa, michezo na nyimbo. Kifaransa chenyewe, cha sarufi na kuandika, kilibaki saa 5 kwa wiki. Hisabati zote zilikuwa upande wa Kiingereza. Na wakati wa mapumziko, watoto walipokuwa wenyewe kwa wenyewe, lugha ilikuwa Kiingereza, kama inavyokuwa katika karibu kila shule ya namna hiyo katika nchi ya Kiingereza. Kifaransa cha masihara alikipata kwa walimu vijana na kwa rafiki mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akilala kwao wikendi.

Sisemi shule ile ilikuwa mbaya. Zipo shule za AEFE zenye mpango rasmi wa kuongeza saa za lugha nyingine, kama ile ya nchi, unaitwa PARLE, na watoto wao wanaandika Kifaransa safi. Tofauti ni kwamba huko mtu amekaa akapanga ni somo gani liende kwa lugha gani na nani atasimamia uandishi. Kugawa siku kwa saa ya ukutani ni rahisi zaidi, na kwenye matangazo inavutia zaidi. Mzazi akiambiwa asilimia 50 kwa 50 anaona haki imetendeka.

Hoja ya kupoteza mwaka

Lycée ilitoa jibu la wazi: anakubaliwa CM2, sixième inawezekana kwa shingo upande, familia ikibeba dhamana ya masomo ya ziada. Baba akang'ang'ania sixième. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Binti ni mrefu, ni mwerevu, amezoea kuwa mbele, na akiwekwa na watoto waliozaliwa mwaka unaofuata wake ataona ameshushwa.

Mimi nilisimama na mama, na nitaeleza kwa nini.

Mtaala wa Ufaransa umepangwa kwa mizunguko ya miaka mitatu mitatu, na mzunguko wa tatu ni CM1, CM2 na sixième kwa pamoja. Umeundwa hivyo ili mtoto avuke kutoka shule ya msingi kwenda collège bila kukatikiwa njiani. Akiingia CM2, ana miaka miwili kabla mzunguko haujafungwa. Akiingia sixième ana mmoja, tena mwaka wenye walimu wengi, kila mmoja akiamini kwamba sarufi ni kazi ya mwalimu wa Kifaransa. CM2 ana mwalimu mmoja wa darasa anayemwona akiandika asubuhi hadi jioni, kwenye sayansi, kwenye jiografia, kwenye maelezo ya mchezo. Kwa mtoto ambaye shida yake ni kutokudaiwa, mwalimu wa namna hiyo ni dawa.

Halafu tuhesabu huo mwaka unaopotea. Akianza CM2 akiwa na miaka kumi, atafanya baccalauréat, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwezi Juni akiwa na miaka 18 na miezi saba. Waliozaliwa Januari wa mwaka unaofuata wake, ambao hakuna anayewaita wamechelewa, watakuwa na miaka 18 na miezi mitano. Tofauti na mtoto wa darasa lake ni wiki chache. Neno "kupoteza" hapa halina kitu ndani yake isipokuwa fahari ya mzazi, na nilimwambia baba hivyo kwa lugha laini kidogo kuliko hii.

Njia nyingine mbili zilijadiliwa. CNED, kituo cha serikali ya Ufaransa cha elimu ya masafa kilichoundwa mwaka 1939, kina masomo ya darasa zima ambayo, katika utaratibu wake ulio rasmi, matokeo hutambuliwa mtoto anaporudi shuleni. Kwa familia iliyoko mahali pasipo na shule ni mkombozi. Kwa binti huyu ingekuwa kinyume cha anachohitaji: angekaa mezani na mama asiyejua Kifaransa cha kutosha kumsahihisha.

Ya pili ilikuwa kuachana na mfumo wa Kifaransa na kwenda shule ya kimataifa ya Kiingereza. Hii niliipa uzito kuliko wazazi walivyotaka. Hisabati zake ziko kwa Kiingereza, anaandika Kiingereza vizuri, na hakuna sheria inayosema mtoto asiye Mfaransa lazima amalize na baccalauréat. Kilichoamua ni mambo mawili. Binti mwenyewe alisema hataki, na kwa mtoto wa miaka kumi neno lake si dogo. Na kazi za baba zinampeleka nchi ambazo zina lycée. Mtaala unaobaki uleule kila unapohama una faida ambayo mtu anayekaa sehemu moja hawezi kuiona.

Fedha sitaizungumza sana. Msaada wa ada unaotolewa kupitia ubalozi mdogo ni wa watoto wenye uraia wa Ufaransa walioandikishwa huko, kwa hiyo familia hii haimo. Mkataba wa baba unalipa ada ya mwaka, haulipi ile ya kuandikishwa mara ya kwanza, na ada hiyo hairudishwi mtu akihama. Ilibidi waombe kampuni kwa barua, wakapewa nusu.

Yaliyofanyika baada ya Septemba

Wazazi, kwa hofu ya matokeo, walianza kuongea Kifaransa nyumbani. Nilipofika nikakuta mezani kimya, maana baba ana maneno ya kuagiza chakula na mama ya kusalimia. Ushauri wa kuongea lugha ya shule nyumbani husikika sana, na baadhi ya walimu huutoa kwa nia njema. Naukataa. Mtoto anayesikia masimulizi marefu, mabishano, sababu na masharti katika lugha ambayo wazazi wake wanaimudu, huingia darasani akiwa na mengi ya kusema. Aliyelishwa sentensi za kubahatisha huingia na upungufu katika lugha zote. Wakarudi kwenye lugha yao siku hiyohiyo. Walichoombwa kufanya kwa Kifaransa ni kumwacha binti awasomee kwa sauti, na wao wamuulize kwa lugha yao nini kimetokea.

Shuleni alipewa saa za ziada za Kifaransa cha masomo, akiwa na watoto wengine watatu, zikilenga lugha ya maswali na kazi za darasani. Mwalimu wa darasa alimfundisha kuchora mishale kwenye imla kabla ya kukabidhi: kutoka les hadi petites, hadi filles, hadi jouent. Ni mbinu ya kawaida kabisa huko, kila mtoto wa CE1 ameichora. Yeye alikuwa hajawahi kuiona. Hisabati zilinyooka kwa muda mfupi. Alama ya mkato ikishaeleweka imeeleweka, na namna ya kupanga kugawanya, ambayo Wafaransa huiandika kinyume na alivyozoea, aliibadilisha kwa wiki chache akinung'unika.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza imla zake zilikuwa bado zimejaa wino mwekundu, lakini makosa yalikuwa yamehama. Les filles jouent haikumsumbua tena. Alikosea pale kiima na kitenzi vilipotenganishwa na maneno mengi katikati, kama les filles que je vois souvent jouent (wasichana ninaowaona mara nyingi wanacheza), ambapo jicho linashika je na kusahau filles. Hilo ni kosa la mtoto wa Kifaransa wa umri wake. Mama alinionyesha karatasi akiwa na huzuni, na mimi nikafurahi.

Kitu ambacho hakuna aliyekilinda ni Kiingereza. Alikuwa na nusu siku. Sasa ana saa chache za lugha ya kigeni, kwa kiwango kilichotungwa kwa wanaoanza. Kihispania kinaingia chenyewe, kwa sababu shule inakifundisha kama lugha ya nchi na uwanjani ndicho kinachosemwa. Kiingereza kikikaa hivi miaka miwili kitabaki cha mazungumzo, na tutakuwa tumelihamisha tatizo lilelile kutoka lugha moja kwenda nyingine. Lycée hii ina section internationale ya Kiingereza kuanzia sixième, kwa mchujo. Ndani yake fasihi, na historia na jiografia, husomwa kwa Kiingereza pia, na mwishoni huongoza kwenye BFI, baccalauréat français international, iliyochukua nafasi ya ile option internationale ya zamani kuanzia mtihani wa 2024. BFI inaweza kuwa ya lugha mbili, tatu, hata nne. Kwa mtoto huyu, section hiyo ni muhimu kuliko ule mwaka waliobishania. Kwa hiyo kwenye ratiba ya nyumbani tuliweka kuandika kwa Kiingereza mara mbili kwa wiki, ukurasa mmoja, wa kusahihishwa na mwalimu wa nje.

Wazazi wametahadharishwa pia kuhusu alama. Ripoti za shule ya msingi hutaja malengo yaliyofikiwa, yaliyofikiwa kiasi au yaliyopitwa. Collège nyingi hutoa alama juu ya 20, na 11 ya kwanza itawashtua watu waliozoea kuona A. Kumi ni kufaulu. Katika baccalauréat, 12 ina sifa ya assez bien (vizuri kiasi), 14 ni bien (vizuri), 16 ni très bien (vizuri sana). Mtoto mwenye 13 yuko salama, na baba akipiga simu kwa mwalimu kulalamika atajiharibia.

Mdogo wake wa kiume hana kisa. Ameingia CP mwezi huohuo na wenzake, anajifunza kusoma kwa Kifaransa kuanzia herufi ya kwanza, na lake kubwa ni kwamba chakula cha cantine, mkahawa wa shule, hakimpendezi.

Mkataba wa baba ni wa miaka mitatu. Ukiisha, binti atakuwa amemaliza cinquième, mwaka wa pili wa collège, na anaingia quatrième, miaka miwili kabla ya brevet, mtihani wa mwisho wa collège. Faili lake limeshaanza kupangwa: ripoti za kila mwaka, hati ya kutoka shule ya zamani, na nakala ya ukurasa wa Journal officiel wenye jina la kila shule aliyosoma na ngazi zake kwa mwaka huo. Kwa CM1, badala ya ukurasa huo, kuna barua ya lycée ya kumkubali baada ya mtihani. Baba alitaka kuitupa.